Kikombe cha Komfrei

Jumatatu, hospitalini Bariadi, mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja kutoka kijiji cha Sapiwi na mumewe aliyevimba tumbo, macho yamekuwa ya njano.

"Mayu, anatumia dawa gani?" muuguzi alimuuliza yule mama.

"Majani ya komfrei tu. Nilimkanda nayo mguu ulioteguka, akapona. Nikaanza kumchemshia anywe, tangu tuvune pamba."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Yale ni ya kupaka, tena pasipo kidonda. Ukiyanywa yanaharibu ini."

Mama alimfuta mumewe jasho kwa ncha ya kanga. "Alikuwa hayataki," alisema taratibu. "Nilikuwa namshikia kikombe mpaka amalize."

Komfrei ninayo uani. Nimewagawia majirani miche, wakanishukuru sana, na hakuna niliyemuuliza anaitumiaje.