Mgongo wa Ta Rwiza

Nakumbuka siku moja niliyoisikia kabla ya kuiona. Tulikuwa tukishuka kutoka Kaisho, mitumbwi yetu ya kayaki mabegani, migomba imetuziba kila upande. Ndipo mto Kagera ukanguruma huko chini, kama kundi la ng'ombe linalotoka zizini kwa pamoja. Ta Rwiza, kocha wangu, akacheka.

"Mto leo umeamka vibaya," akasema.

Binti yangu, wewe umekuta malango ya mashindano yananing'inia kwenye nyaya. Usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tulifunga matete kwenye kamba, mawili mawili, juu ya maji yanayochemka kati ya mawe. Matete matupu, unapita ukishuka na mkondo. Yenye kitambaa chekundu, unageuka na kupita ukipandisha, maji yakikupiga kifuani. Ukigusa tete, unaongezewa sekunde. Siku hiyo wageni walikuja kuchagua mmoja wetu wa kwenda kushindana ng'ambo, na mimi nilitaka kuwa huyo kuliko nilivyotaka kula.

Nilishuka vizuri. Kwenye lango jekundu la mwisho nikageuka, nikaanza kupandisha, na hapo macho yakakimbilia ukingoni kumtafuta Ta Rwiza. Macho hayana pazia. Bega likagusa tete. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

"Uliniona, Ta?" nilimuuliza nikiwa bado nachuruzika maji.

"Nilikuona ukiniona. Mimi nina nini cha kutazamwa? Hata kiboko ana sura nzuri kuliko hii."

Nilicheka huku nalia. Tangu hapo, kila nilipoingia mtoni alikaa juu ya jiwe, ameupa mto mgongo, anatafuna buni zake kavu za kahawa, analisikiliza kasia langu. Walipokuja tena kuchagua, walinichagua. Nimeshindana kwenye mito ambayo majina yake yananishinda kutamka, na kila penye lango jekundu niliukumbuka mgongo ule, nikatazama mbele.

Sasa kocha ni mimi, naye amelala kaburini, migombani kwake. Lakini nikisikia maji tu, bado nageuka ukingoni kumtafuta. Hamu haizeeki, mwanangu. Mwili ndio unaozeeka.

Basi usinishangae asubuhi hii. Bodaboda anakungoja uanze safari ya mashindano yako, nawe umesimama hapo ukitazamia nikusindikize hadi barabarani, kama ilivyo desturi yetu. Sitakusindikiza. Ukiniacha barabarani nimesimama napunga mkono, utanitafuta huko kwenye lango jekundu. Anayekupenda usimtafute katikati ya maji. Mbebe moyoni, kisha tazama unakokwenda.

Chukua buni hizi, utafune njiani. Mungu akutangulie mkondoni, mawe yakupishe, na kila mto ukurudishe ukingoni ukiwa mzima.

Nimekwisha kukupa mgongo. Nasikia viatu vyako sakafuni. Vimesita kizingitini.

Nenda, mama.

Bawaba zimelia. Mlango umefungwa.