Kompyuta Iliyofunikwa Kitenge

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu mjini kumnunulia kompyuta ya michezo. Siku hizi mambo ni rahisi. Unaingia dukani, sanduku limesimama tayari na taa za kila rangi, unalipa, unatoka. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alichukua mfuko mweusi akaniuliza, "Nikufungie, mama? Mu njia kuko macho mingi." Nikamjibu kwa sauti iliyosikika duka zima kwamba asithubutu. Mwanangu atalibeba sanduku lake wazi, kifuani, mji mzima ulione. Kijana wa watu alibaki na mfuko wake mkononi, na mwanangu aliona haya. Sikumweleza kitu. Lakini wewe, rafiki yangu, nitakueleza, maana unanijua na unajua hasira zangu hazianzi bure.

Tulikaa Ruashi, pembezoni mwa mji, upande ule ambao mgodi uko karibu kiasi kwamba wakilipua mwamba mchana, sahani zinacheza kabatini na vumbi la matofali linaanguka ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Hatukushtuka. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa anaufunika mdomo wa sufuria kwa kanga ya kichwani, anangoja kishindo kipite, halafu anaendelea kusonga bukari, ugali wetu. Tulilelewa katika vishindo. Mwalimu alitupiga fimbo kwa kosa la kusema Kiswahili darasani, na baba alitupiga mkanda kwa kosa la kupigwa na mwalimu. Wanawake walipigana bombani hadi ndoo zikapasuka. Jioni kulinukia makala, ndiyo makaa ya kupikia, na samaki wa kukaanga, na lazima katika nyumba moja kulikuwa na mtu analia. Usinionee huruma. Niliupenda utoto ule, ningeurudia hata kesho, na mkanda wake juu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya, alishikwa na ugonjwa wa kompyuta akiwa bado sekondari. Aliupata kwenye chumba kimoja ambapo vijana walikuwa wanalipia kucheza michezo ya vita, wakubwa wakiwazaba wadogo vibao ili kuwatoa kwenye viti. Siku moja alirudi mdomo umepasuka, akatangaza mezani kwamba haendi tena kule, atajitengenezea kompyuta yake mwenyewe. Baba, mjukuu wa mtu wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini, alikuwa ameshafungua mkanda kabla yaya hajamaliza.

"Vita ya mu ordinateur?" alisema, ndilo jina lake la kompyuta. "Hii vita ya hapa inje haikukutosha?"

Haba na haba hujaza kibaba. Yaya alikwenda kupakua magunia ya makala kwenye malori ya kutoka Lukafu, mabega yakachubuka hadi shati likawa linashikana na nyama. Mimi nilisuka nywele za wasichana wa mtaa. Usiku na mchana tulizungumza vipande: hiki kinakubaliana na kile, kile kinakikataa hiki. Wenye pesa huchagua wanachotaka. Sisi tulichagua kitakachokosekana. Tulianza na sanduku tupu la chuma, mtumba wa ofisi za Ulaya. Ikafuata carte mère, ule ubao mkubwa ambao vyote vinakaa juu yake, kisha ubongo wake, kisha kumbukumbu, vijiti viwili. Kimoja kilikuwa kimekufa. Yaya alirudi kwa muuzaji, akaja nyumbani na jicho limevimba na kijiti kizima mkononi, akiimba.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wetu wawili. Yaya alitaka kukimbilia carte graphique, kile kipande kinachochora picha za michezo, kwa sababu ndicho cha kujivunia mbele ya wenzake. Mimi nilisema kwanza alimentation nzuri, sanduku la kugawa umeme, lile zito, na kirekebishi cha umeme mbele yake. Umeme wa Ruashi ulikuwa mlevi: unapotea siku mbili, halafu unarudi kwa fujo na kupasua balbu. Friji ya jirani ilishawaka moto mbele ya macho yetu. Yaya aliniita mwoga. Nilimrukia, nikamng'ata mkono, tukagaagaa sakafuni mpaka kambo akatuachanisha kwa mwiko wa bukari ulio moto. Nilishinda mimi. Alama ya meno yangu anayo hadi leo, na alimentation tulinunua nzito.

Sasa sikiliza hapa. Kambo alikuwa na sheria yake, na si yake peke yake, ni ya wazee wengi wa kwetu. Kitu kizuri hakipitishwi wazi mtaani. Hata sahani ya nyama kumpelekea jirani aliifunika. "Funika, mutoto," alikuwa anasema. "Kintu ya muzuri haitembeake uchi. Macho ya bantu inavunjaka." Alimpa yaya kitenge chake cha zamani, na kila kipande kiliingia kwetu ndani ya kitenge kile. Yaya alicheka, lakini alitii. Nani angebishana na kambo? Na mtaa ukawa unatazama. Kila Jumamosi kijana anaingia kwao na kitu kizito, kimefunikwa, na hakitoki tena.

Masika hayo wezi walivunja nyumba ya fotokopi pale kona. Walibeba kompyuta zote. Mlinzi, mzee aliyekuwa anatusalimia kila asubuhi kwa kugonga tochi yake langoni, walimkata kwa panga. Tuliiona damu yake mferejini tukienda shule, na mvua ilinyesha siku nzima bila kuiosha yote. Kwenye kilio watu walikaa wameuma meno. Fundi wa matairi, ambaye sisi tunamwita quado, alisimama mbele ya jeneza akaapa kwamba mwizi atakayeshikwa mtaani hatafikishwa kwa polisi. Quado alikuwa mtu wetu. Karakana yake ilitazamana na lango letu, na ndiye aliyekuwa anatujazia mpira upepo bila kutaka kitu. Watu wote wakasema amina. Baba alisema amina, na yaya pia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Makomeno, mtaa mwingine wa mji. Kulikuwa na bwana mmoja anayehama nchi, anauza carte graphique mbili. Tulibeba sanduku letu zima ili tujaribu hapohapo, maana kununua bila kujaribu tulishakoma. Moja ilikuwa kubwa, ina feni tatu, yaya akaishika kwa vidole viwili kama watu wanavyoshika mtoto wa mwenzao. Lakini ingekula umeme kuliko tuliokuwa nao. Tulichukua ile ndogo. Bwana yule aliiunganisha na skrini yake, na pakatokea uwanja wa majani, kila jani linatikisika peke yake kwa upepo. Yaya alicheka bila kutoa sauti. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akakitikisa, akasema, "Unaona? Unaona?" Nilikuwa naona. Alikuwa na furaha ambayo kwetu mtu haonyeshi nje.

Tulishuka kituoni Ruashi alasiri, jua limetoka baada ya mvua. Yaya akatoa kitenge. Nilimwambia aache, tumeshafika. Akasema, "Kambo atatugombeza." Akafunika sanduku vizuri, akaliweka begani, tukaingia mtaani kwetu.

Tulipofika kwa quado, mwanamke mmoja akamnyooshea yaya kidole, akapiga kelele kwamba ndiye. "Njo ule! Njo ule anaingizaka bintu!" Quado alivuka barabara, akavuta kitenge. Chini yake palikuwa na kompyuta. Ushahidi mwingine wa nini?

Sijui nani alipiga wa kwanza. Najua kwamba niliwajua wote. Mama aliyekuwa ananiuzia maandazi alipiga kwa kiatu. Watoto tuliosoma nao walitupa mawe, wengine wakicheka. Sanduku lilinyanyuliwa juu likabamizwa kwenye lami, likanyanyuliwa tena. Yaya alikuwa amechomoa ile carte na kuikumbatia tumboni, amejikunja, na mtu akamkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino, akausaga mpaka vidole vikafunguka. Nilisikia vidole. Nilipiga kelele kwamba tumenunua, tumetoka Makomeno, waende wakaulize. Nikapigwa kofi nikaangukia mferejini. Quado alikuja na tairi kuukuu lililojaa maji ya mvua. Alipomvisha yaya shingoni maji yalimwagika usoni mwake na damu ikasafika kidogo, nikamwona yaya ananitafuta kwa macho. Mtu akawa anaitisha essence, yaani petroli, na quado ameshatoa kiberiti.

Hapo ndipo akaja jirani yetu muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Alikuwa mwanamke mnene wa ukoo wa wenyeji wa hapa, na ukoo wake na wetu ni watani, banungwe kama wanavyosema wao. Kwenye vilio vyetu alikuwa anaiba kuku, anakalia kiti cha marehemu, anamtukana marehemu kwa uchoyo wake, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ndiye anayeshika na kuzika maiti yetu, nasi tunashika yao. Alikuja na upawa wake mrefu wa kukorogea, akapasua umati, na wa kwanza kuchapwa alikuwa yaya. Alimpiga kwelikweli mgongoni. Wa pili alikuwa quado.

"Nani amewapa ruhusa?" alifoka. "Hii mbwa ya kaskazini ni maiti ya kwangu! Miye njo ntamuzika, miye njo ntamutukana! Mwenye anataka kumuua aanze kuniomba miye banungwe yake!" Kisha akamkalia. Alikaa juu ya yaya na tairi lake, mapaja wazi, munkoyo umemlowesha kifua. "Lete essence! Mutuchome bawili! Mafuta yangu itawaka wiki muzima!"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili. Wazee wakaanza kurudi nyuma kwanza, maana kumnyang'anya mtani maiti yake ni kujiletea laana, na kila mtu pale alilijua hilo tangu titi la mama. Mikono ikashuka. Quado alibaki na kiberiti chake, halafu akaenda zake. Yule mama hakuondoka juu ya yaya mpaka baba alipofika mbio, na nilipomsaidia kuinuka aliniegemea kwa uzito wake wote.

Yaya alipopelekwa hospitali, baba alirudi mtaani. Yule baba wa mkanda. Alipiga magoti katikati ya barabara, watu wanamtazama, akaokota skrubu moja moja na kuziweka ndani ya kitenge. Wezi wenyewe walishikwa baadaye, wako mbali kabisa na mtaa wetu, na hakuna aliyekuja kutuambia pole. Kambo alianza kubeba kila kitu wazi. Nyama aliitoa sokoni mikononi, na inzi wake, akiwatazama watu usoni.

Carte ndogo ilikuwa haijavunjika. Ubao ulipasuka, na baba alinunua mwingine bila kuombwa, akanitaka mimi nichague. Tuliunganisha siku yaya aliporudi. Ikawaka. Tukafungua mchezo wa wanajeshi, yaya akaketi mbele yake, lakini vidole viwili vilikuwa havikunjiki tena, na ndani ya mchezo kulikuwa na umati unapiga kelele. "Zima sauti," aliniambia. Nikazima. Alitazama kidogo, kisha akaenda kukaa na kambo jikoni, akamsaidia kuchambua sombe kwa mkono wa kushoto. Nilicheza peke yangu. Nilichukia, nikacheza.

Jumapili moja, kanisani, wakati wa kupeana amani, quado aliyekuwa benchi la mbele yetu aligeuka. Alinyoosha mikono yote miwili, kwa heshima. Ningemtemea mate. Yaya aliipokea kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Amani, mutoto yangu."

"Amani, papa."

Nilingoja tutoke. Uani nilimpiga yaya ngumi ya kifua, nikamuuliza kwa nini, kwa nini amempa mkono mtu yule. Kabla ya kunijibu alitazama kwanza nyuma, aone nani yuko karibu.

"Nikikatala, batasema nini?" alisema polepole. "Batasema niko na kintu ninaficha."

Mwaka ule ule alihamia Lukafu kwa ndugu za mama. Analima mahindi, ana watoto, ni mzima, na mjini haji hata kwa kilio. Mtaa bado upo. Wamejenga kuta ndefu na malango ya chuma, na watoto wa sasa hawajui mtani ni nani. Watu wakiniuliza kama naukumbuka utoto wangu wa Ruashi, nasema ndiyo, naukumbuka sana, na nina hamu nao mpaka unaniuma. Nautamani ule mtaa wa asubuhi ya Jumamosi ile, tulipoondoka na sanduku letu, tukimsalimia kila mtu mzima papa na mama, nami nikidhani ni kweli.