Kidole cha Kijani

Mshona kola wa kiwandani si mtu wa maneno. Akifika huvuta kiti mara mbili, hulowesha ncha ya uzi kwa ulimi, kisha huviringa kipande cha kitambaa cha kijani kwenye kidole cha shahada, sindano isimchome. Lakini wiki hii kidole ki wazi na roho iko mkononi. Ndiye aliyepiga picha mlango wa dharura uliotiwa kufuli, akairusha mtandaoni bila jina. Hakuona kwamba kidole chake cha kijani kimechungulia pembeni mwa picha. Tangu hapo anashona akijichoma, anafyonza damu upesi isidondokee kola, na simu ya mtu ikilia tu, anaruka.

“Kama anasema kweli, anaogopa nini kuweka jina?” msimamizi huuliza kila apitapo.

“Anakuogopa wewe, baba,” mshona vifungo, anayeketi jirani na mshona kola, humjibu chinichini, na mstari mzima hukohoa kuficha kicheko.

Usiku wa kuamkia leo mshona kola hakupata usingizi, akachelewa. Alipoketi tu, msimamizi akasimama mbele na ile picha.

“Vidole mezani!”

Mshona vifungo akaweka chake: kimeviringiwa kitambaa cha kijani. Wa pili, kijani. Wa tatu, kijani. Mstari mzima walikuwa wamepeana vipande asubuhi, kabla yeye hajafika. Akamgeukia mshona vifungo kwa shukrani. Kisha akatazama mezani, kwenye kidole chake mwenyewe, kitupu, peke yake.