Mkwe Alitaka Kamera Kubwa

Mama yangu alikuwa mpiga picha wa shughuli za wanawake pale Temeke, maana mwanamume na kamera yake angefukuzwa kwa mwiko chumbani kwa bibi harusi. Nyumba yetu ilijaa picha, na mama hakuwemo hata katika moja. Kamera yake ilikuwa ya zamani, nzito, ya kukisia umbali kwa jicho na kuzungusha filamu kwa kidole, na hakuna mwingine aliyeiweza. Nilipoposwa nilitaka kitu kimoja tu: picha ya harusi yangu ambayo mama yumo.

Mambo yalikuwa ruksa siku hizo, bidhaa za nje zikiingia, na mjomba alikuwa akienda Dubai. Akaniletea kamera mpya, ndogo, ya plastiki, unabonyeza tu, mengine inajua yenyewe. Mama aliigeuzageuza, akainusa.

"Hii kamera, au sabuni ya kufulia?"

Nikamwambia kwa sabuni hiyo hata mtu asiyejua chochote angeweza kumpiga yeye picha. Tukanuniana mpaka chai ikapoa.

Mwishowe tukapatana. Filamu tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, akaiweka kwenye sabuni kwa ajili ya wakubwa na ya picha yetu sisi wawili. Ile kubwa ingebaki tupu, kwa ajili ya wasumbufu. Katika shughuli kila jirani anataka kupigwa, na picha ikitoka haji kuichukua. Mtu wa namna hiyo mama alimwashia fleshi bila filamu, akaenda zake ameridhika. Nami sikuona dhambi.

Siku yenyewe nimekalishwa kitandani, hina mpaka viwikoni, macho chini. Bibi harusi hasemi. Kungwi alishanionya kwamba nikifungua mdomo mbele ya wakwe nitaitwa chakaramu asiye na haya, na yeye ataitwa kungwi wa hovyo.

Mama mkwe akaingia, dhahabu imemjaa mpaka kwenye meno. Mama akamwinulia sabuni, ile kubwa ikining'inia shingoni.

"Dada, hicho kidude ndo cha kunipigia mie? Nipige na ile kubwa."

Akajipweteka kando yangu. Mimi nilijua ile kubwa ni tupu, na mama alijua. Mdomo wangu umefungwa na mila, wake umefungwa na siri ya kazi. Akaiweka sabuni godoroni, akainua kubwa kwa uso mkavu kabisa, akawasha. Basi na mashangazi wa bwana harusi wakataka kubwa, na kungwi naye akataka kubwa. Heshima ya mtu siku ile ilipimwa kwa uzito wa kamera. Nilichukia mpaka machozi yakanitoka, na wageni wakapiga vigelegele wakidhani nalilia kuondoka kwetu.

Aliyeniokoa ni mpishi wa pilau, mama mdogo wa jirani, aliyekuja kunitazama na mikono inanuka bizari. Akaiokota sabuni.

"Hiki kinabonyezwa wapi?"

"Hapo juu, mama mdogo," nikanong'ona. "Mpige mama."

Kungwi alinifinya paja kwa kucha zake zote. Mpishi akabonyeza, kisha akatoka nayo uani, akawamalizia filamu waosha masufuria.

Picha ziliposafishwa, mama mkwe akapekua albamu. Masufuria aliyaona. "Mie niko wapi?"

"Ulimeremeta mno, dada," mama akasema. "Dhahabu yako imeunguza filamu."

Habari hiyo ilimfurahisha sana, akaitembeza mpaka Kiwalani.

Ile picha moja ilitoka. Mama amepinda mgongo, kamera tupu jichoni, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, nami mbele yake kitandani nimeinua macho namtazama. Ulimi huo sisi wanawe tuliujua tangu utoto. Yeye ndiye hakuwahi kuuona. Akaisogeza picha karibu na macho.

"Kumbe natoa ulimi," akasema.

"Siku zote, mama."

"Na nyie mmenyamaza tu."

Shughuli iliyofuata alikuja kwangu kuiazima sabuni. Kabla ya kwenda akanirudishia mkononi nimpige yeye, akasimama mlangoni, akaweka kanga sawa, akafumba mdomo kwa adabu. Nikamwambia autoe ulimi, la sivyo sibonyezi.