Magoti ya Kishiwa

Miaka miwili Kishiwa alimwamkia baba mkwe wake akiwa amesimama wima, na ukoo mzima ukasema ana kiburi. Kwao Wasukuma, mke wa mtu hupiga magoti. Mimi Coletha, jirani yake hapa Mikumi, nilijua sababu: tangu ajifungue mapacha, akichuchumaa au akipiga magoti tu, utumbo ulimtoka kwa nyuma, mpaka aurudishe kwa mkono. Mumewe Shigela alijua pia. Lakini nani angemweleza mzee Luhaga habari za makalio ya mkwewe? Heri kiburi.

Ndipo mzee akatoa kauli: akija baada ya mavuno, akaamkiwa tena hivyo, mwanamke arudishwe kwao.

Ilikuwa mwaka 2004, hospitali za watu binafsi zimeota Dar kama uyoga, na moja ilikuwa ikipasua kwa kamera. Nikampeleka. Alipozinduka alifunua shuka, akakuta vidonda vitatu tumboni, kila kimoja kama punje ya hindi.

"Coletha, ugonjwa uko nyuma. Mbona wamenitoboa mbele?"

Daktari alieleza kwamba walipitisha kamera na vyuma vyembamba, wakauvuta utumbo juu, wakaushonea kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa kitu. Sisi tunajua aliyepasuliwa ana kovu la kuonyesha watu.

Miezi miwili hakubeba ndoo wala kushika jembe. Utumbo haukutoka, lakini magoti hakupiga, na hata chooni alikalia kiti kilichotobolewa, sasa tungejuaje? Nikamwambia ajaribu chumbani. Akakataa. Aliliogopa jibu, na mimi nililiogopa zaidi yake.

Mavuno yalipoisha, mzee alifika asubuhi. Kishiwa akatoka jikoni, akaniangalia, akashusha goti moja, kisha la pili.

"Mwangaluka, baba."

Mzee alikodoa macho. "Mwangaluka." Akasubiri. Kishiwa hakuinuka. "Inuka basi, mwanangu."

"Nipe muda kidogo, baba."

Alikuwa anausikilizia mwili wake. Mzee akadhani anaomba radhi, akavua kofia. "Yameisha. Kiburi chako nimekusamehe."

Sikujua nicheke au nikasirike. Ugonjwa unasamehewaje? Nikafungua mdomo nimjibu, lakini Kishiwa alinikatalia kwa macho, machozi yakimtiririka.

"Asante, baba," akasema, akabaki palepale chini, mkono haukwenda nyuma hata mara moja, haraka hana.