Ruta Isiyokuwepo

Mimi ni mtu wa mdomo, na Msambweni nzima inalijua hilo. Neno halilali ndani yangu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba na mkunga. Kwa hiyo mtu asije akadhani nilinyamaza kwa kuwa ni mpole. Nilinyamaza kwa woga na kwa kiburi, na sitaki mtu anisaidie kutafuta sababu nyingine.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika saiba ya mama mdogo, ndugu yake mama, karibu na steji. Ilikuwa na kompyuta nane, printa moja yenye kiburi kunishinda hata mimi, na waifai ya wateja wanaokaa kwenye benchi nje. Watu walitoka hadi Kikoneni kuja kutafuta vyeti vya kuzaliwa na kuwaombea watoto wao mikopo ya chuo. Asubuhi kabla wateja hawajajaa nilikuwa nikisoma kozi ya usalama wa mitandao kwenye laptopu yangu. Mama mdogo hakuelewa ni kozi ya nini hasa, lakini aliitangaza hata kwenye maulidi. "Huyu mtoto wetu anasomea kuwakamata wezi wa mitandaoni." Nami nikisikia, shingo yarefuka.

Mtandao wa saiba ulikuwa kazi ya fundi mmoja wa Ramisi, umri wa baba zangu wadogo. Alianza na redio, akaja kwenye televisheni, akaja kwenye simu, na mitandao akajifundisha mwenyewe kwa kuuliza na kujaribu. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Lakini alikuwa na usafi wa kazi ambao sijauona tena kwa mtu. Kila waya aliufunga kikaratasi chenye namba, na akimaliza hupanguza vumbi chini ya meza kwa kitambaa chake mwenyewe. Ndiye aliyenifundisha kubana vichwa vya waya, rangi kwa rangi, mpaka vidole vikaniuma. Nikimwambia, "Shikamoo fundi," huitikia, "Marahaba mhandisi," na kunicheka. Alijua nasoma, na kwa hilo alifurahi kuliko hata baba yangu.

Mama mdogo alikuwa amemsemea kwa mwenye shule moja ya binafsi iliyokuwa ikijengwa upande wa barabara ya Lunga Lunga. Shule nzima ilitaka kuwekewa mtandao, kisha mtu wa kuuangalia kila mwezi. Kwa fundi anayezunguka na mkoba begani, hiyo ni riziki ya miaka. Kilichobaki ni yule mwenye shule kuja saiba kuiona kazi yake kwa macho.

Sasa kozi yangu ikafika somo la ruta. Ruta ni kile kisanduku chenye taa kinachogawa mtandao. Huwezi kwenda kuivunja ruta ya mtu ili ujifunze, huo ni wizi. Kwa hiyo unatengeneza ruta ya kuigiza ndani ya laptopu yako. Ni programu tu inayojifanya kisanduku, pamoja na udhaifu wake wote, kisha wewe unajifanya mwizi, unaishambulia, na unajifunza kuiziba mianya. Siku iliponiwakia mara ya kwanza, ikanitolea ukurasa wa kuniuliza neno la siri kama ruta ya kweli, nilipiga kigelegele peke yangu mle saiba. Nikaipa namba za mtandao wake, namba nilizozichagua mwenyewe, zenye sabini na saba ndani yake, kwa sababu tu nilipenda zilivyokaa.

Maelekezo ya somo yalisema wazi, tena kwa herufi nyekundu, kwamba ruta hiyo ifungiwe ndani ya laptopu, isiguse mtandao mwingine wowote. Nikaifungia. Kisha ikataka kupakua kitu kutoka nje, ikashindwa, maana imefungiwa. Nikahangaika nayo saa nzima, hasira zikanipanda, nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha neno moja tu, nikaiunganisha na waya wa saiba. Ikapakua. Nikajisemea nitairudisha. Sikuirudisha. Zile herufi nyekundu niliziona ni za watu wasiojua, na mimi najua.

Kesho yake kompyuta zikapandwa na wazimu. Hii yafungua, ile haifungui, na ukizizima na kuziwasha zinabadilishana. Nazo zilikuwa siku za mwisho za kuomba mikopo ya chuo, saiba imejaa mpaka mlangoni. Mama mmoja wa Kikoneni na binti yake walikaa tangu asubuhi, bahasha mapajani, wakaondoka alasiri bila kutuma chochote. Laptopu yangu ilikuwa chini ya kaunta, kifuniko kimefungwa lakini sikuizima, na ile ruta imo ndani inachapa kazi. Wallahi haikunijia akilini kwamba ni yangu. Hilo nitajitetea nalo hata mbele ya Mola. Yaliyofuata sina utetezi nayo.

Fundi alikuja siku ile ile. Akaikagua ruta ya saiba, akaizima, akaiwasha. Siku ya pili akaja na ruta yake kutoka nyumbani, akaibadilisha, mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, na kila akichomoa anangoja aone kama hali imebadilika. Hiyo ndiyo njia sahihi, na angefika. Akafika kwenye waya wangu.

"Huu nao niuchomoe, mhandisi?"

"Huo uache, fundi. Nina kazi yangu yaendelea. Huo hauhusiki."

Akauacha. Mtu aliyeishika kazi hii miaka yote hiyo, akauacha kwa sababu mimi nasoma.

Mama mdogo naye alikuwa amekwisha kupandisha. Anazunguka na leso kiunoni, anasema, "Kama kuna mtu ananihujumu hapa, mimi nitamsomea halbadiri, ataiona dunia chungu!" Wateja wengine wakacheka, wengine wakaitikia amina kabisa. Na hapo ndipo alipoingia mwenye shule, funguo za gari mkononi. Hakuwa ameitwa siku hiyo, alikuwa akipita tu njiani.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta ya tatu. Akasema kwa sauti, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Hii namba siijui. Ina sabini na saba. Mimi sikuweka sabini na saba popote."

Sabini na saba ilikuwa yangu. Kompyuta ikiwashwa huuliza kwenye waya ni nani atakayeipa namba, na ruta ndiyo hujibu. Lakini mle ndani zilikuwa zikijibu ruta mbili, ile ya kweli na yangu, na kila kompyuta iliyoisikiliza yangu ilionyeshwa njia isiyokwenda popote. Nilielewa yote kwa mara moja, hadi lile neno nililolibadilisha.

"Huijui vipi?" mama mdogo akamrukia. "Si wewe uliyeweka kila kitu hapa? Au ameiweka jini?"

Kicheko kikapasuka saiba nzima. Fundi akanigeukia mimi. Hakunishuku. Alikuwa akitafuta mtu wa upande wake.

"Mhandisi, hebu njoo uitazame. Wewe waionaje?"

Nikaenda. Nikainama. Nikaitazama namba yangu mwenyewe, huku mwenye shule amesimama nyuma yetu, na mama mdogo ananingoja niseme neno la kisomi. Ningesema, "Ni langu kosa, laptopu yangu ndiyo ifanyayo haya." Maneno machache, na mama mdogo angenigombeza, watu wangenicheka wiki moja, basi. Lakini niliwaza watasema nini. Mkamata wezi ndiye mwizi! Nikasema, "Sijui, fundi. Labda uliiweka zamani ukasahau."

Akafikiri. Akasugua paji la uso.

"Huenda," akasema. "Huenda niliiweka."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba aliniamini mimi akaacha kujiamini yeye. Mwenye shule hakutoa neno baya. Alimwambia mama mdogo watazungumza siku nyingine, akatoka. Mama mdogo akamfukuza fundi mbele za watu, kwa maneno ambayo sitayaandika maana yeye bado ni mama yangu. Fundi akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akapanguza vumbi chini ya meza, akaniaga, "Kwaheri, mhandisi," akaenda zake.

Alipotoka tu, nilijitia natafuta kalamu chini ya kaunta, nikaizima ruta yangu. Baada ya saa moja akafika fundi mwingine aliyeitwa kutoka Ukunda, mtu wa bara, miwani ya jua kichwani. Akazima kila kitu, akawasha kila kitu, kompyuta zote nane zikafunguka. "Mathee, hii kitu ilikuwa imewekwa vibaya tu," akasema. "Huyo msee wenu alikuwa anabahatisha." Mama mdogo akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kazi ya shule aliipata yeye.

Saiba ndipo mji mzima unapopita, kwa hiyo maneno hayakuchukua hata wiki kuenea. Yule fundi amechoka. Yule ni wa redio tu, mitandao alijitia. Duka la simu lililokuwa likimpa kazi likaacha kumwita. Niliyasikia yote nikiwa nyuma ya kaunta nikichapisha karatasi za watu, nikajitia hamnazo. Usiku hapana, usingizi sikuukosa, na hilo pia naliona aibu. Mara mbili nilikwenda Ramisi nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Mara ya kwanza nilinunua machungwa barabarani nikarudi. Mara ya pili sikushuka hata garini.

Nikajiambia nitasema nikishapata cheti, ili maneno yangu yawe na uzito. Uzito gani, mwehu mimi? Cheti nikakipata, na alama za juu. Katika mtihani kulikuwa na swali lililouliza kwa nini ruta ya mazoezi hufungiwa mbali na mtandao wa watu. Nililijibu vizuri sana. Kwa cheti hicho nikapata kazi kwenye hoteli moja ya Diani, kuulinda mtandao wao, na mama mdogo akachinja mbuzi.

Mwisho wa Shaabani, Ramadhani ikibisha, nilikuwa nyumbani Msambweni nimekaa barazani nachambua mchele. Nikasikia hodi. Ni yeye, kanzu safi, kofia, amekonda shingo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ila siku hizi si fundi tena, mwanangu. Nakata miwa." Akacheka, akanionyesha viganja. Vilikuwa vimechanika.

Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Sikai. Mwezi mtukufu waja, na mimi nazunguka kutaka radhi. Kwa mama yako mdogo nimetoka sasa hivi. Siku zile niliwatia aibu mbele ya watu, na watoto wa watu wakachelewa maombi yao. Limenikaa hapa." Akajigusa kifua. "Nisamehe, mwanangu."

Hapakuwa na mtu mwingine. Ni mimi na yeye na ungo wa mchele. Mdomo huu unaogombana na wauza samaki mpaka wakashusha bei, ulikauka. Nilijiona mchafu, wallahi, uchafu wa ndani usiotoka kwa maji. Niliyataka maneno yatoke, na nikajua hayatatoka, na nikajichukia kabla hata sijafungua kinywa.

"Nimekusamehe, fundi," nikasema.

"Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie."

Nikadhani ataondoka. Akasimama pale pale, akitazama chini, na haya ya mwanafunzi.

"Nina swali moja, kama hutaona tabu. Wewe umesoma. Hebu niambie, kosa langu lilikuwa nini hasa? Ile sabini na saba niliitoa wapi? Nimewaza mpaka nimechoka. Kazi yangu naipenda, nataka kuirudia, lakini naogopa kurudia na kosa nisilolijua."

Nikamjibu. Mungu anisamehe, nilimjibu kwa sauti ya mwalimu. Nikamwambia ruta ile alipoinunua ilikuwa na mipangilio ya mtu wa kwanza ndani yake, hakuifuta vizuri, na mipangilio ya namna hiyo hukaa kimya muda mrefu kisha ikazuka yenyewe, ikabaki ndani ya kompyuta hata ruta ikibadilishwa. Hakuna kitu kama hicho. Nilikitunga papo hapo, namtazama usoni.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili tatu. Uso wake ukakunjuka. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ndivyo!" Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kalamu na kipande cha karatasi, akakiegemeza kwenye nguzo ya baraza.

"Hebu nirudilie polepole, mhandisi, niandike."

Nikamrudilia, neno kwa neno, nikingoja amalize kila sentensi.