Uzito wa Baba Kwenye Simu

Aliyeanza kukisimulia kisa hiki ni dada yangu, Jumatatu, tulipotoka kliniki hapa Kasulu. Mimi niliona aibu.

Baba husafishiwa damu nyumbani. Kila asubuhi mimi humpima na kujaza uzito wake kwenye simu, ili muuguzi ajue kama maji yamezidi mwilini. Kwa siku nne nilikuwa arusini Kibondo, nikawa najaza uzito uleule.

Jumatatu hiyo kliniki, muuguzi alimbonyeza Baba mguu kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki.

“Mzee, mbona simu inasema hujaongezeka hata robo kilo?”

“Mizani yetu mbovu, binti yangu,” Baba akajibu, bila kunitazama.

Mizani ni mpya. Mimi, ninayewasahihisha ndugu zangu tarehe za misiba, niliirudisha simu mfukoni.

Baba yu hai, dada yu hai, nami ni hai. Radhi kwa Baba bado sijaomba.